Nukta za Kigae cha Ukingoni

Jioni ile Mama mwenye nyumba alifunga komeo la geti. Nilikuwa naanua nguo zangu kambani nikasikia chuma kikigonga chuma, sauti ambayo haikuwa imesikika pale tangu kiwanda cha magodoro kilipoungua. Miezi yote hiyo geti lilikuwa linarudishwa tu, na kila mpangaji alielewa kwa nini. Mwanawe wa mwisho alikuwa zamu siku ya moto. Hakurudi, wala mwili wake haukuonekana, na katika uhai wake alikuwa mtu wa kusahau funguo.

"Kimya! Njoo unisaidie kabati," aliniita kutoka sebuleni.

Jina hilo alinipa huyohuyo kitindamimba wake, wiki niliyohamia, kwa sababu alinisalimia nami nikamjibu kwa kichwa. "Mama, umeleta mpangaji au umeleta picha?" aliuliza, na nyumba nzima ikacheka. Wapangaji walilidaka. Siku moja Fundi wa maabara yetu alinirudisha nyumbani kwa gari lake, akalisikia getini, na kesho yake likawa limefika kazini.

Tulilisukuma kabati la vyombo hadi koridoni. Lilikuwa zito, na sahani ndani yake zilikuwa zikilalamika kila tulipovuka ungio la sakafu. Mama alikuwa ametoa pia meza na kiti chenye mguu uliofungwa waya. Sebule ilibaki tupu, na ukutani mahali pa kabati palionekana rangi ya zamani, mbichi kuliko pengine pote.

"Kaka yake anafika kesho na mkewe," alisema, akipangusa mikono kwenye kanga. "Shangazi yake naye yuko njiani. Watalala wapi na mavyombo yote haya?"

"Mama, majibu bado hayajasainiwa."

"Fundi wenu kanipigia mwenyewe mchana. Kasema, Mama, amepatikana. Alikuwa analia, maskini. Ikabidi mimi ndiye nimbembeleze."

Nilifurahi, kama neno hilo linafaa. Fundi alikuwa amekosea kumpigia kabla ya muda, lakini programu ilikuwa kweli imetoa jibu kwamba mfupa uliookotwa kiwandani na mate ya Mama vinalingana. Kilichobaki kilikuwa ukaguzi wa mwisho, ambao ni kazi yangu, halafu Daktari, mkuu wa maabara, aweke saini. Nilikuwa nimeshamwambia Daktari kwamba naishi kwenye nyumba ya mama huyo, na yeye akanijibu kwamba hana mtu mwingine anayejua kusoma mafaili, kwa hiyo nikague nami nisijifanye sina macho.

"Kesho naangalia faili mara ya mwisho," nilimwambia Mama. "Ni jambo la kawaida tu."

"Angalia, mwanangu. Angalia vizuri." Alishika ukuta pale penye rangi ya zamani, kama anayepima joto. "Mimi leo nitalala."

Na kweli alilala. Asubuhi nilipotoka, yeye ambaye huwa wa kwanza kuamka alikuwa bado anakoroma, na ikanibidi nifungue lile komeo taratibu nisimwamshe.

*

Maabara yetu ni vyumba vinne vya baridi nyuma ya jengo kubwa. Fundi hupokea sampuli, huzisafisha, huandaa vipande vya DNA, hukipa kila kipande lebo ya sampuli yake, kisha huvimimina kwenye kioo chembamba kinachoingizwa kwenye mashine. Mashine tunaiita Bi Mkubwa, kwa sababu akianza kazi hakuna ruhusa ya kubamiza mlango. Ndani ya kioo kila kipande hunata mahali pake na kujizalisha hadi kuwa kishada cha nakala. Kishada hicho huwaka rangi, herufi moja baada ya nyingine, huku kamera ikipiga picha. Mwisho wa yote mimi hupata faili lenye mamilioni ya mistari.

Wengi hutazama herufi tu. Juu ya kila mstari wa herufi, hata hivyo, kuna jina la kipande, na jina hilo halikuwekwa kwa mapambo. Linataja mashine, safari ya mashine, kioo, njia, yaani mfereji mmojawapo ndani ya kioo, kigae, yaani mraba mdogo ndani ya njia, halafu namba mbili za mwisho zinazosema kishada kilikaa wapi ndani ya kigae, kwa mlalo na kwa wima. Ni kama mtu anayejitambulisha kwa mtaa, nyumba, chumba, na mahali alipotandika godoro. Ukijua kulisoma, unaweza kuweka kidole mahali hasa ambapo kipande kiliwaka.

Mfupa ulikuwa umeletwa katika boksi la karatasi. Ulikuwa mweupe kama chaki, na Fundi alisema ukiukoholea unapotea. Mabaki mengine yote ya moto ule yalikuwa yameshapata wenyewe. Boksi hili ndilo lilikuwa la mwisho, na Mama alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki bila chochote. Mfupa uliopita motoni namna ile hauna cha kutoa zaidi ya ule uzi mfupi wa DNA ambao kila mtu huupokea kwa mama yake peke yake. Uzi wa mama na wa mwanawe huwa sawasawa, na ndiyo sababu tulimwomba mate.

Nilianza na urefu wa vipande, kwa mazoea tu. Moto hutafuna DNA. Mfupa wa aina ile hutoa vipande vifupifupi, vimekatika ovyo, kama karatasi iliyopitiwa na panya. Lakini vile vipande vilivyolingana na mate ya Mama vilikuwa virefu na vizima. Vifupi vilikuwemo pia kwenye faili, vingi tu, ila programu yetu ilikuwa imevitupa pembeni. Iliundwa kwa ajili ya damu na mate ya watu wazima wenye afya, na kwake kipande kifupi ni uchafu.

Niliacha herufi, nikaanza kusoma majina.

Vipande virefu vyote vilitoka njia ya pili. Hilo halikunishtua, mfupa ulikuwa umemiminwa njia ya pili. Nikashuka kwenye namba ya kigae. Ilikuwa ileile. Nikashuka tena, ileile, mstari baada ya mstari, kigae kimoja cha ukingoni kabisa mwa kioo. Vipande vya mtu mmoja vikimiminwa kwenye kioo husambaa kila mahali, kama mchanga uliorushwa. Havikai kikao kona moja.

Nikafungua faili la mate ya Mama. Kioo kilekile. Njia ileile, ya pili.

Nilibaki nimeshika kipanya cha kompyuta bila kukisogeza. Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba mfupa na mate ya ndugu havipandi kioo kimoja, hata iweje. Nikatafuta kwenye faili la Mama vipande vya kigae hicho cha ukingoni, nikavipanga sambamba na vile vya mfupa. Kimoja cha mfupa kilikuwa 14523 kwa mlalo, 20331 kwa wima. Kimoja cha Mama kilikuwa 14526, 20330. Herufi zao zilikuwa zilezile, zilianza mahali pamoja na kuishia mahali pamoja. Hakuna watu wawili, hata mama na mwanawe, ambao DNA yao huvunjika mahali palepale kila mara. Nikaangalia jozi inayofuata. Na inayofuata.

Nikachora picha. Mfupa nikaupa rangi ya kijivu, mate nikayapa nyekundu. Kwenye njia nzima nukta za kijivu zilikuwa zimetawanyika, zimeachana, za vipande vifupi. Kwenye kigae cha ukingoni nyekundu zilikuwa zimejaa pomoni, zimebanana hadi zikagusana, na kila kijivu kirefu kilikuwa kimelaliwa na nyekundu.

Bado nilikuwa na tumaini moja. Nilivirudisha vile vifupi vilivyotupwa, nikaviunga kimoja kimoja hadi nikapata sehemu ya uzi ya kutosha kulinganisha. Nilifanya polepole, nikijidanganya kwamba kasi ndiyo itakayoharibu. Uzi wa mfupa haukuwa uzi wa Mama. Ulitofautiana mahali pengi mno, wala sikuhitaji programu kunieleza.

*

Fundi alikuwa kwenye chumba cha chai, anachovya biskuti.

"Haya, Kimya kaja!" alisema. "Leo nimekusikia hatua tangu koridoni. Unaota miguu ya tembo?"

"Kaka Fundi, mfupa na mate ya Mama vilipanda kioo kimoja?"

Biskuti ilikatikia chaini. Hakuitazama.

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma majina."

Alivuta kiti kwa mguu ili nikae. Sikukaa, akaendelea kuongea akitazama kile kiti.

"Kilibaki kioo kimoja. Dawa za mashine zilikuwa zinaharibika wiki ileile, na hao wa ununuzi unawajua, kioo kingine ungekiona ukiwa na wajukuu. Na yule mama alikuwa anakuja kukaa pale kwenye benchi, mkoba mapajani. Haulizi kitu. Anakaa, halafu ananiambia, haya baba, kazi njema, anaondoka. Wewe ungefanyaje?"

"Ningesubiri."

"Wewe unaweza. Kusubiri ndiyo kazi yako, wewe ni Kimya." Halafu akajutia. "Samahani, mdogo wangu. Lakini lebo zilikuwa tofauti. Bi Mkubwa anajua kutenganisha lebo."

"Anajua kama vishada vimeachana. Ulimimina mate mengi, kigae cha ukingoni kimefurika. Kishada cha Mama kimelala juu ya kishada cha mfupa. Amesoma herufi za huyu, akachukua lebo ya yule."

Alielewa kabla sijamaliza. Yeye ndiye aliyenifundisha mambo hayo nilipokuja nikitoka chuo, kwa penseli, nyuma ya boksi la glavu.

"Kwa hiyo yule niliyesema amepatikana..."

"Ni Mama mwenyewe."

Alifunika uso kwa mikono yake yote miwili. Mikono ya Fundi ni myeupe viganjani kwa ajili ya unga wa glavu, na siku zote inanuka mpira. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya chini na ya upole sana.

"Nani mwingine anasoma majina? Si wewe tu? Unaweza kuhifadhi faili upya, vipande ukavipa namba moja, mbili, tatu. Wapo wengi wanafanya hivyo ili faili liwe jepesi. Si kosa, hata hifadhi kubwa za data zinafanya. Herufi zinabaki vilevile. Njia, kigae, yote yanaondoka."

"Na mfupa?"

"Mfupa unapata kaburi na mtu wa kuulilia. Nieleze ubaya wake. Mimi sioni."

"Mfupa una mama yake, Kaka."

"Huyo mama hajaja kukaa kwenye benchi letu!"

Nilirudi kwenye meza yangu. Kufuta majina ni amri ya mstari mmoja, na niliiandika yote hadi mwisho. Sikubonyeza. Nilifikiria komeo, na Mama akikoroma asubuhi ile. Mtu aliyekosa usingizi miezi mingi ana mkoromo wa peke yake, kama anayekunywa maji baada ya kiu. Nikafikiria pia kwamba kiwanda kile kilikuwa kikichukua vibarua wa siku, wanaoingia getini kwa kunyooshewa kidole, bila majina yao kuandikwa popote. Mmoja wao alikuwa kwenye boksi letu. Vile vipande vifupi ndivyo vilikuwa maneno yake pekee, na programu yetu ilikuwa imeshamnyamazisha mara moja.

Niliifuta ile amri herufi kwa herufi. Nikachapa picha ya nukta, nikaipeleka kwa Daktari.

Daktari ni mwanamke mrefu anayevaa miwani kichwani, akiitafuta mezani. Aliitazama picha kwa muda, akaishusha miwani, akaitazama tena. Hakupaza sauti.

"Jana kalamu ilikuwa mkononi mwangu," alisema. "Kilichonizuia ni simu ya mtu aliyekosea namba." Aliigeuza picha kifudifudi. "Fundi anajua?"

"Anajua."

"Basi nitaongea naye, na si leo. Barua ya kufuta yale majibu itatoka kesho kutwa."

"Daktari, Mama ameshapigiwa simu. Kesho kutwa watakuwa wameshachimba."

Aliniangalia kama vile ndiyo mara ya kwanza ananisikia nikisema kitu ambacho hakuniuliza. Huenda ilikuwa kweli.

"Anayekwenda leo ni nani?" aliuliza.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. "Mimi ndiye niliyempigia simu," alisema. "Nitamwambia mwenyewe."

*

Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi. "Mama, kuna tatizo limetokea. Hapana. Mama, naomba utusamehe. Hapana, nikianza na msamaha atadhani nimegonga mtu." Kwenye taa nyekundu aligeuka kwangu. "Wewe ungeanzaje?"

"Sijui."

"Na chuo ulikwenda kusoma nini?" alisema, akajaribu kucheka, gari la nyuma likatupigia honi.

Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Sebule ile tupu ilikuwa imetandikwa mikeka na magodoro, na kaka mkubwa wa marehemu, maana hivyo ndivyo tulivyomwita mdogo wake tangu jana, alikuwa juu ya stuli anafunga balbu mpya. Shangazi yake, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, alikuwa ameegemea ukuta na miguu ameinyoosha.

"Huyu ndiye mpangaji asiyesema?" alimuuliza Mama. "Mbona kama anataka kutapika? Binti, una mimba?"

"Wifi, mwache mtoto," Mama alisema. Alitoka jikoni, akamwona Fundi, uso ukamlegea kwa shukrani. "Karibu, baba. Umekuja mwenyewe. Kaa, kaa."

Fundi alikaa kwenye ukingo wa godoro. Alifungua mdomo. Machozi yakaanza kumtoka bila neno lolote, na watu wakadhani ni yale ya kuomboleza, shangazi akaanza naye kuvuta pumzi. Nikaona kwamba mambo yatazidi kwenda upande usiofaa.

"Mama," nilisema. "Si yeye."

Balbu iliwaka wakati huohuo. Kaka mkubwa alibaki na mikono juu.

"Nini si yeye?"

"Mfupa. Tulikosea. Si wa mdogo wako. Ni wa mtu mwingine aliyekuwa pale kiwandani."

Alishuka kwenye stuli polepole mno. "Jana amepatikana, leo hajapatikana. Ndugu yangu ni redio? Mnaiwasha, mnaizima? Nimeomba ruhusa kazini, watu wako makaburini wanachimba sasa hivi, nyie mnacheka na nani?"

"Hatucheki," Fundi alisema. "Kosa ni langu. Nipige ukitaka."

"Nikupige upate nafuu?"

"Nyamazeni," Mama alisema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa bado amesimama, kitambaa cha jikoni mkononi. "Kimya, mlisema mmemwona. Mlimwona nani?"

Nilitoa mkobani nakala ya ile picha ya nukta. Mama alikaa chini, nami nikakaa karibu yake, na shangazi akajisogeza na magoti. Nilimweleza kwa maneno niliyoweza. Kwamba kila kipande kina jina linalosema kilikaa wapi. Kwamba nukta za kijivu ni mfupa na nyekundu ni mate yake. Kwamba viliwekwa mahali pamoja, na havikupaswa, na pale ukingoni nyekundu zikawa nyingi mno hadi zikafunika kijivu, na mashine ikazisoma nyekundu ikidhani ni kijivu.

"Kwa hiyo mliyemwona ni mimi," alisema.

"Ni wewe, Mama."

Alitoa sauti fupi puani, kama mtu aliyesikia mzaha kwenye msiba. "Nimemtafuta mpaka nimeingia mle mwenyewe."

Aliweka kidole kwenye karatasi, si kwenye kigae cha ukingoni, bali huku katikati, kwenye kijivu zilizotawanyika.

"Na huyu?"

"Hatumjui. Labda mmoja wa vibarua."

"Uzi wake wa mama mnao?"

"Tunao. Sehemu."

"Ina maana yupo mama mwenye uzi huo."

"Yupo. Au alikuwepo."

Kidole kilisogea mpaka ukingoni, pale palipobanana. Ukucha wake ulikuwa na unga wa jikoni. "Hapa tumekaribiana hivi kweli?"

"Ndani ya kioo, ndiyo. Mmegusana."

"Ona nilivyombana mtoto wa watu," alisema.

Hapo shangazi alilia kwa sauti, akasema alichokuwa amekisema Fundi, tena kwa maneno yanayokaribia kuwa yaleyale. Kwamba kaburi linachimbwa, watu wameshafika, azikwe huyohuyo, Mungu anajua nia. Kaka mkubwa hakukubali wala kukataa. Alikuwa anamtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza niliona anavyofanana na yule mdogo mtu, namna ya kuinamisha shingo upande mmoja anaposubiri kuambiwa la kufanya.

"Hapana," Mama alisema. "Huyo ana mwenyewe. Siku atakapokuja mtu kumtafuta, ataambiwa yuko wapi? Chini ya jina la mwanangu?" Aliikunja karatasi mara mbili, akanirudishia. "Wafukie lile shimo. Mtu asije akatumbukia."

"Mabaki mengine, je?" kaka mkubwa aliniuliza. "Mnajaribu mengine?"

Hilo nalo lilibidi lijibiwe. "Hili lilikuwa boksi la mwisho, kaka."

Fundi alinyanyuka kuondoka. Mama alimsindikiza hadi mlangoni, na pale kwenye viatu nilimsikia akimwambia, "Haya baba, kazi njema," vilevile kama kule kwenye benchi. Fundi aliingia garini akakaa muda mrefu kabla ya kuwasha.

*

Siku iliyofuata wageni waliondoka mmoja mmoja, kwa aibu, kama watu walioalikwa harusi iliyovunjika. Mama aliwafungia chakula kilichopikwa kwa ajili ya msiba. Kaka mkubwa alibaki ili asaidie kurudisha vyombo. Tulilisukuma kabati hadi sebuleni, mimi na yeye na mkewe, na halikukaa sawasawa pale lilipokuwa. Ukingo mmoja ulibaki umeiacha ile rangi ya zamani wazi, upana wa kiganja. Alitaka tulisogeze tena, Mama akasema liacheni.

Kazini tuliuweka mfupa kwenye kioo chake peke yake, kioo kilipokuja. Nilibadilisha programu ili isivitupe tena vipande vifupi. Uzi wa yule kibarua sasa umekamilika, uko kwenye faili linalosubiri mama yeyote atakayekuja. Hakuna aliyekuja. Fundi hafanyi mizaha tena akimimina, na ninapopita nyuma yake huwa ananionyesha namba ya njia kwa kidole bila mimi kumuuliza.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Jioni ile, baada ya kabati, tulikuwa tumekaa barazani. Giza lilikuwa linaanza. Kaka mkubwa alinyanyuka, akapita kwenye ua akikagua madirisha kama mwenye nyumba, akafika getini akafunga komeo. Chuma kikagonga chuma.

Mama alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Aliuweka chini, akavaa ndala zake, akavuka ua. Alisimama mbele ya geti na mgongo wake kwetu. Halafu alivuta komeo, likatoka, akalirudisha geti taratibu mpaka likagusa nguzo.

"Mama," kaka mkubwa alisema. "Wezi."

"Anasahau funguo," Mama alisema, akarudi kwenye mchele wake.